Buibui, Tandabui na Baibui: Uhakiki wa Asili ya Neno

Maneno mengine huonekana rahisi kuyaeleza mpaka mtu anapojaribu kuyaeleza. Mojawapo ni neno buibui. Ukimwuliza mtu wa mwambao kwa nini vazi jeusi la wanawake likapewa jina la mdudu, hatakawia kukujibu kwamba mwanamke aliyelivaa hufanana na buibui. Jibu hilo limepokewa na huyu kutoka kwa yule, likarudiwa darasani na barazani, hata limekuwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Katika makala haya twakusudia kulipima. Kwa maoni yetu jibu hilo limekosea mahali pawili: limemtazama mdudu badala ya kazi yake, na limetufanya tutafute nasaba ya neno pwani, hali nasaba hiyo iko bara.

Yafaa tuanze na mdudu, kwa maana yeye ndiye mkubwa wa umri. Jina lake la Kiswahili lina umbo la kurudiwa, kama yalivyo majina ya wadudu wengine kadha wa kadha: kumbikumbi, kimulimuli. Umbo la namna hiyo humshawishi msomaji adhani kwamba neno ni la mwigo tu, lililotungwa kwa mchezo wa sauti na lisilokuwa na ukoo. Lakini tukilivunja neno katikati tunapata bui, na hiyo bui si mtoto wa kuokota. Waganda humwita mdudu huyu nnabbubi. Wakikuyu humwita mbũmbũĩ. Wabemba wa Zambia wasema tandabube. Lugha hizi tatu hazipakani, wala hakuna mtu awezaye kudai kwamba Mbemba alikwenda Unguja kuazima jina la mdudu aliyemo katika paa la nyumba yake mwenyewe. Huu ni urithi wa pamoja wa lugha za Kibantu.

Njia ya kutoka bubi hadi bui si ngumu kuifuata. Kiswahili mara nyingi kimeilegeza sauti b ya zamani pale ilipokuwa baina ya vokali, ikageuka w au ikatoweka kabisa. Waganda wasema omubiri, sisi twasema mwili; wao wasema ababiri, sisi wawili. Kwa kanuni hiyo hiyo b ya pili katika bubi imetoweka, ikabaki bui. Je, b ya kwanza imesalimikaje? Kiganda hutupa dalili, kwa kuwa katika nnabbubi b hiyo imekazwa, na mkazo wa namna hiyo katika Kiganda aghalabu ni alama ya kiambishi cha ngeli ya tano kilichomezwa na shina: titi ni ebbeere, lakini matiti ni amabeere. Yamkini basi kwamba shina letu nalo lilikuwa la ngeli hiyo, na kiambishi chake kikailinda sauti ya mwanzo isilegee. Nasi mpaka leo twasema mabuibui.

Kuna jambo jingine dogo linalopatikana hapa, nalo ni la mfuatano wa wakati. Kama neno lingalirudiwa kwanza kabla ya b kulegea, basi b ya nusu ya pili ingalikuwa baina ya vokali nayo, ingalilegea kama wenzake, na leo tungalikuwa na umbo kama buiwui. Hatuna umbo hilo. Kwa hiyo b ililegea kwanza, na neno likarudiwa baadaye. Maana yake ni kwamba palikuwa na wakati ambapo mababa wa Waswahili walisema bui, wakatosheka.

Ushahidi wa wakati huo tunao katika kamusi, ingawa wachache huutazama. Utando wa buibui una jina lake jingine, nalo ni tandabui. Katika neno hili bui imekaa peke yake, haikurudiwa. Limeundwa kwa kitenzi tanda na jina la mdudu, nalo limehifadhi umbo ambalo nje yake limekwisha kufa. Jambo hili si la Kiswahili tu. Waingereza huita utando wa buibui cobweb, na nusu ya kwanza ya neno hilo ni mabaki ya jina la kale la buibui, coppe, ambalo katika usemi wa kawaida lilikwisha kupotea karne nyingi zilizopita likaacha nafasi yake kwa spider. Jina hilo jipya latokana na kitenzi cha kusokota uzi, kama vile Spinne la Kijerumani. Hivyo Mwingereza alimwita mdudu kwa kazi yake na utando akauachia jina la mfu. Mswahili amefanya kinyume, kwani ameuita utando kwa kazi na jina la kale la mdudu akalirefusha.

Sasa linganisha tandabui ya Kiswahili na tandabube ya Kibemba. Si haja ya utaalamu mkubwa kuona kwamba ni neno moja. Tofauti ni kwamba kwa Wabemba jina lote limekuwa la mdudu. Kisha uongeze Kinyanja, lugha ya Wamalawi walio ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambamo buibui huitwa kangaude, na pia tandaude. Hapo kichwa cha neno ni kile kile, tanda, lakini mkia ni mwingine. Tunayo basi picha ya neno lililoenea katika nchi pana, kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi hata nyanda za Zambia, na katikati ya nchi hiyo limebadilika nusu.

Katikati hiyo ni wapi? Ni ukingo wa Ziwa Nyasa, na milima inayoutazama kutoka mashariki. Ukishika njia kutoka Songea kwenda Mbinga, na kutoka Mbinga kushuka ziwani mpaka Mbamba Bay, kwa safari isiyozidi siku moja utakuwa umepita katika Kingoni, Kimatengo na Kimpoto, ukafika kwa wasemao Kinyasa, ambacho ni ndugu wa Kinyanja. Na ukielekea kaskazini ufukweni utakutana na Kimanda. Kata ya Namswea imo katika wilaya hiyo ya Mbinga. Twaitaja kwa makusudi, kwa sababu mahali kama Namswea hapatajwi kamwe panapojadiliwa asili ya neno la Kiswahili. Hutajwa Lamu, hutajwa Mombasa na Unguja. Na zikiisha hizo, mtafiti hupanda jahazi kwenda Arabuni. Bara huhesabiwa kuwa ni mahali Kiswahili kilipopelekwa, si mahali ambapo jamaa zake wamekuwapo siku zote. Lakini katika habari ya buibui ni wazi kwamba mwenye ushahidi ni mtu wa bara.

Hapa hatuna budi kuweka onyo kidogo, kwa kuwa mchezo huu una utelezi. Msomaji aliyeona nna- ya nnabbubi na Na- ya Namswea, Namtumbo, Nachingwea na Nanyumbu asije akakimbilia kuziunganisha. Kiambishi cha Kiganda kina kazi yake katika sarufi ya Kiganda, na majina ya mahali pa kusini mwa Tanzania yana historia zao, kila moja ya kwake. Kufanana kwa silabi moja si udugu. Tulipolinganisha bubi na bui tulikuwa na kanuni ya sauti inayotumika katika maneno mengine pia. Pasipo kanuni, ulinganishaji ni ramli.

Na tuwaulize pia wale wanaoamini kwamba kila kilicho cha pwani kimetoka Arabuni: Kiarabu cha buibui ni nini? Ni ankabuti. Neno hilo si geni kwa Mwislamu wa mwambao, maana ni jina la sura ya 29 ya Kurani, na katika aya ya 41 ya sura hiyo nyumba ya buibui yatajwa kuwa dhaifu kupita nyumba zote. Tena kisa cha utando uliotandwa mlangoni mwa pango la Thawri, Mtume alipokuwa safarini kuhamia Madina mwaka 622, kimesimuliwa katika maulidi na madarasa kwa vizazi. Pamoja na hayo yote, mtu wa pwani amwonapo mdudu ukutani hasemi ankabuti; asema buibui. Alikuwa na sababu zote za kuazima, za dini na za elimu, wala hakuazima. Jina la nyumbani lilikuwa na nguvu. Twaweza kuongeza kwamba Mkristo wa Mbinga naye amepokea mfano ule ule kwa njia nyingine, kwa kuwa Kitabu cha Ayubu, sura ya 8, aya ya 14, huilinganisha tegemeo la mtu asiyemjali Mungu na nyumba ya buibui. Vitabu viwili vimeleta mfano mmoja kwa watu wa pande mbili, na pande zote mbili zimeusoma kwa jina moja la Kibantu.

Tuje sasa katika vazi. Kwanza tarehe. Kamusi ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, naye mwenyewe alikwisha kufa mwaka uliotangulia. Nyakati hizo vazi hili halijawa vazi la wanawake wa Unguja kwa jumla. Lilienea katika miongo ya kwanza ya karne ya ishirini, baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Kabla yake, kujifunika kwa staha kulikuwa ni alama ya daraja; mwungwana alijifunika, mtumwa hakuruhusiwa. Katika Lamu wanawake wa nyumba kubwa walitembea chini ya shiraa, kitambaa kipana kama hema kilichoshikwa juu kwa miti na watumwa wao. Jina hilo shiraa kwa Kiarabu ni tanga la chombo. Utumwa ulipokoma, wa kuishika miti hakuwapo tena, na wanawake waliokuwa wamenyimwa haki ya kujifunika wakaitwaa. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kirefu habari za mabadiliko hayo ya mavazi katika Unguja, katika kitabu chake cha mwaka 2001. Kwetu sisi yatosha kusema kwamba jina la vazi ni la juzi, na jina la mdudu ni la tangu na tangu. Mwenye kueleza jina la pili kwa la kwanza anao wajibu wa kuonyesha daraja lililoyaunganisha.

Daraja linaloonyeshwa kwa kawaida ni mfanano wa sura, nasi twaliona dhaifu. Je, ni kitu gani cha buibui kinachofanana na mwanamke aliyevaa vazi hilo? Miguu minane? Buibui wengi wa nyumbani si weusi. Ni wa rangi ya majivu au ya udongo. Utando wake ni mweupe na hupenya mwanga, hali vazi ni jeusi na limekusudiwa kuzuia macho. Ukitaka ndege au mnyama mweusi aliye mzuri zaidi kwa tashbihi, wako tele. Yaelekea kwamba watu walikuwa na jina kwanza, ndipo wakatafuta mfanano wa kuliridhisha jina.

Sisi twapendekeza daraja jingine, nalo limo katika kitenzi ambacho tumekwisha kukutana nacho. Waswahili husemaje mwanamke anapojifunika kanga au vazi lake jeusi? Husema amejitanda. Kitenzi hicho ndicho kilichomo katika utando na tandabui. Tanda ni neno lenye jamaa kubwa: mbingu hutanda wingu; mwenye kufuma nguo hutanda nyuzi za urefu kabla ya kupitisha za upana, nazo zikiisha kunyoshwa huitwa mtande; chombo chake cha kufumia huitwa kitanda cha mfumi. Ngozi nyembamba inayoganda juu ya maziwa ni utando. Katika siku zetu, walipohitaji jina la mawasiliano ya kompyuta yaliyounganisha dunia, Waswahili walisema mtandao, na bila ya kushauriana na mtu wakajikuta pale pale Waingereza walipofika kwa njia ya neno lao la utando wa buibui. Ndani ya jamaa hiyo, vazi linalotandwa juu ya mwili wote toka utosini na kitu kinachotandwa na mdudu pembeni mwa nyumba vimesimama karibu sana. Kwa hiyo twaona kwamba kama vazi lilipata jina lake kwa buibui, halikulipata kwa umbo la mdudu bali kwa tandabui. Linalofananishwa ni kitambaa na utando, si mwanamke na mdudu.

Tofauti hii si ya kupasua unywele. Maelezo ya kwanza humfanya mvaaji kuwa mdudu, na watu wengine wamefurahia kuyatumia kwa dhihaka. Haya ya pili hayamgusi mvaaji. Yasema habari za kitambaa na namna ya kukivaa. Tena umbo la zamani la vazi lenyewe lapatana nayo. Kabla ya mikono kushonwa na vifungo kuwekwa, kama ilivyo desturi sasa, lilikuwa kitambaa kipana kilichofungwa kichwani na kuachwa kitande chini, mvaaji akizishika pindo zake kwa mikono. Lilitandwa, halikuvaliwa kama kanzu ivaliwavyo.

Lakini pana kikwazo kimoja, na mhakiki hana ruhusa ya kukiruka. Watu wengi wa Unguja hawaliiti vazi hili buibui, waliita baibui. Mdudu kwao ni buibui, wala hutasikia mtu akisema kwamba baibui ametanda dirishani. Tofauti hii yaweza kusomwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba baibui lilikuwa neno jingine, lenye asili yake, ambalo masikio ya watu yaliligeuza liwe buibui kwa kulivuta kwenye neno walilolijua. Mambo kama hayo hutokea katika kila lugha. Ya pili ni kwamba neno lilikuwa moja, na wasemaji, kwa kuona haya au kwa kutaka kutenganisha, wakalibadilisha kidogo kwa upande wa vazi. Sisi twaelekea ya pili. Sababu yetu ni kwamba majina ya mavazi yaliyokuja na bidhaa, kama kofia, joho, suruali na barakoa, yote yana asili ya nje inayoonekana wazi, lakini hatujaonyeshwa neno la nje ambalo baibui lingeweza kuwa mtoto wake. Hata hivyo atakayetuletea andiko la zamani lenye baibui kabla ya buibui kwa maana ya vazi, atakuwa ameitikisa hoja yetu, nasi tutamshukuru.

Sarufi nayo imekwisha kutoa hukumu yake, hata kama historia bado yajadiliwa. Mdudu ni huyu, naye ametanda. Vazi ni hili, nalo limetandwa. Mmoja hufuata viambishi vya wenye uhai, jingine hufuata vya vitu. Kwa sababu hiyo kamusi itende haki kwa kuyaweka maneno mawili yenye nambari zao, na chini ya vazi iandike pia baibui, na chini ya mdudu imwelekeze msomaji kwenye tandabui. Kuweka maana mbili chini ya kichwa kimoja, kana kwamba ya pili ni kivuli cha ya kwanza, ni kuthibitisha hadithi ya mfanano bila ya kuichunguza.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi ukilitazama kutoka milima ya Umatengo. Mtoto wa Namswea amjua mdudu tangu anapotambaa, kwa jina la lugha ya mama yake. Baadaye shuleni hujifunza kwamba kwa Kiswahili ni buibui. Vazi ni jambo jingine. Nchi yake ni ya misheni ya Wabenediktini toka mwisho wa karne ya kumi na tisa, na tangu mwaka 1986 Mbinga ina jimbo lake la Kikatoliki. Mama zake hujitanda kanga na vitenge. Akikutana na buibui la kuvaa katika kitabu cha hadithi za pwani, hana sababu ya kuona mfanano wowote, na mwalimu akimpa maelezo ya sura ya mdudu humkanganya. Lakini mwalimu huyo akimwambia kwamba vazi hilo hutandwa, mtoto atafahamu mara moja, kwa maana kutanda akujua. Maelezo yanayofaa Unguja peke yake, yakashindwa Namswea, hayajawa maelezo ya Kiswahili.

Tena mtoto huyo ana kitu ambacho sisi tunakihitaji, nacho kimo hatarini. Kila mwaka maneno ya nyumbani yanayohusu wadudu, nyuzi, mitego na majani huachiwa nafasi na ya Kiswahili, na hayaondoki kwa kelele. Maneno ya Kimatengo yamepata kukusanywa zaidi ya mara moja: J. Häfliger alitoa orodha yake mwaka 1909, na Nobuko Yoneda akatoa msamiati uliopangwa kwa mada mwaka 2006. Kazi za namna hiyo ni msingi mwema, lakini orodha ya maneno huuliza kila kitu mara moja, ikapata jibu moja, ikapita. Neno kama tandabui halipatikani kwa swali moja. Livingstone alipopanda bonde la Shire mwaka 1859 aliwakuta wenyeji wakilima pamba na kufuma nguo zao. Ufumaji ulipokufa mbele ya vitambaa vya madukani, maneno yake mengi yalikosa kazi, na huenda mengine yalikimbilia kwa mdudu huyu, mfumaji wa pekee aliyebaki.

Atakayekwenda Namswea, basi, na kisha akateremka Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, asiulize tu buibui huitwaje. Aulize jina la mdudu, na jina la utando wake ukiwa mpya na jina lake ukiwa umeshika vumbi. Aulize kitenzi anachotumia mtu anaposema kwamba mdudu anaufanya. Aulize kitenzi cha kunyosha kamba za kitanda, cha kutandaza wavu ziwani, na cha mama anayejifunika kanga asubuhi ya baridi. Awaulize wazee kwanza, halafu watoto wa shule, na aandike majibu ya pande zote mbili bila ya kuyasahihisha.